Kumwendesha Ilithidi Mezani: Mwongozo kwa Mwendesha Mchezo wa Dungeons & Dragons

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika na dadu huamua matokeo, huku mwendesha mchezo akiwaigiza maadui, ilithidi ni kiumbe mwenye umbo la binadamu na kichwa kama cha pweza. Ana minyiri minne inayoning'inia mahali ambapo pangekuwa na mdomo, na chakula chake ni ubongo wa viumbe wenye fikra. Gary Gygax alimtambulisha mwaka 1975 katika toleo la kwanza la jarida la TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo huu, mwaka mmoja tu baada ya mchezo wenyewe kuchapishwa, na tangu hapo amebaki kuwa adui mkubwa wa wasafiri wa chini ya ardhi. Hata hivyo, mezani mara nyingi hafikii sifa yake. Anawekwa katika chumba cha mwisho cha pango, anarusha pigo lake la akili mara moja, na kinachofuata huwa moja kati ya mambo mawili: ama kundi zima linapigwa na bumbuwazi na wachezaji wanakaa kimya wakisubiri kujua kama watakufa, ama mpiganaji mmoja anamfikia na kumkata vipande kabla ya zamu yake ya pili. Matokeo yote mawili yana chanzo kimoja. Ilithidi amechezwa kama mnyama mwenye silaha kubwa, ilhali tishio lake la kweli ni kwamba anajua mambo ya watu kabla hawajayasema, na ana subira ya kusubiri hadi ujuzi huo umfae.

Mwongozo huu unafuata takwimu za toleo la tano la mchezo, kama zilivyochapishwa mwaka 2014. Mwenye kitabu kipya zaidi alinganishe tarakimu, ingawa njia ya kumwendesha haibadiliki sana.

Zisome takwimu zake kwa makini

Kabla ya kupanga lolote, tazama ni kiasi gani kiumbe huyu ni dhaifu wa mwili. Ana pointi 71 za uhai na kinga ya 15, yaani tarakimu ambayo shambulio lazima liifikie ndipo limpate. Mpiganaji wa ngazi ya 7 mwenye upanga mkubwa hupiga mara mbili katika zamu moja, na kila pigo likimpata huondoa takribani pointi 11. Akitumia uwezo wake wa kuongeza tendo, anaweza kuondoa pointi 44 kabla ilithidi hajajibu. Akisaidiwa na mwenzake mmoja tu, pambano limekwisha. Kwa hiyo ilithidi anayesimama katikati ya chumba akiwa peke yake amekwisha kushindwa, na kwa kiumbe ambaye takwimu zake zinampa Akili ya 19, alama ya juu sana, hilo ni jambo lisiloaminika.

Liko jambo la pili ambalo waendesha mchezo wengi hulipita bila kuliona. Nguvu zake za akili ni kama uchawi wa aina nne: kusoma mawazo na kuelea hewani, ambazo anaweza kuzitumia wakati wowote, na kutawala kiumbe mwingine na kuhamia ulimwengu mwingine, ambazo kila moja anaitumia mara moja kwa siku. Tatu za kwanza zote zinahitaji umakini, yaani kuishikilia nguvu hiyo akilini ili isikatike, na sheria hairuhusu kushikilia umakini wa mambo mawili kwa wakati mmoja. Akiwa anaelea juu, hasomi mawazo ya mtu. Akimtawala mmoja wa wahusika, lazima ashuke chini. Tena Ustahimilivu wake ni wa kawaida, nyongeza ya 1 tu kwenye dadu, hivyo kila pigo la kawaida lina nafasi ya asilimia 40 au zaidi ya kuuvunja umakini huo, na ule ukinzani wake dhidi ya uchawi haumsaidii hapa hata kidogo. Mwendesha mchezo anayekumbuka kanuni hii atalazimika kuchagua katika kila zamu, na wachezaji wakiona kwamba adui naye analazimika kuchagua, watajua kwamba wana njia ya kumbana.

Mpe haja isiyowahusu wachezaji

Ilithidi wengi huishi katika makundi chini ya uongozi wa Ubongo Mkuu, kiumbe kikubwa kinachokaa katika bwawa la maji ya chumvi na kuunganisha akili za wote. Kundi zima lenye kiongozi huyo ni jambo la kampeni nzima, yaani mfululizo mrefu wa vikao. Kwa usiku mmoja au mitatu ya mchezo, napendelea ilithidi mmoja aliyetengana na wenzake, kwa sababu aliye peke yake ana haja inayoeleweka: anataka mahali salama pa kuanzia upya, anawaogopa Wagithyanki, wapiganaji ambao ni maadui wa jadi wa jamii yake, wanaomwinda, na anahitaji maarifa fulani yaliyomo katika ubongo fulani.

Chagua ubongo huo mapema. Tuseme ni wa mzee mchora ramani anayejua mito ya chini ya ardhi kuliko mtu yeyote aliye hai. Ilithidi amemteka ila hajamla, maana akimla kabla ya kuhakikisha kwamba ramani zote zimo kichwani mwake na si katika daftari lililofichwa kwingine, atakuwa amepoteza hazina. Wahusika wa wachezaji wanapofika, wao si shabaha. Ni kikwazo, au pengine ni chombo cha kulipata hilo daftari. Adui asiyeanza kwa kutaka kuwaua huwapa wachezaji nafasi ya kuzungumza naye, na katika mazungumzo ndipo nguvu za akili zinapong'aa.

Zungumza na wachezaji kwanza

Kiumbe huyu hutawala nia ya mtu, hufungua fuvu, na jamii yake huzaliana kwa kupandikiza kiluwiluwi ndani ya kichwa cha mateka, ambaye baada ya siku chache mwili wake hugeuka na kuwa ilithidi mwingine. Yapo mambo hapa ambayo mchezaji anaweza kuwa na sababu nzuri za kutoyataka. Waulize wazi kabla ya siku ya mchezo, tena kila mmoja peke yake, kwa kuwa mbele ya wenzake mtu anaweza kuitikia kwa haya. Wengine huweka mezani kadi yenye alama ya X, ambayo yeyote akiigusa jambo linalosimuliwa huachwa bila kuulizwa sababu. Ni desturi njema.

Katika mazungumzo hayohayo, mwombe kila mchezaji akuandikie sentensi mbili: jambo ambalo mhusika wake anawaficha wenzake, na jambo analoliogopa. Mweleze kwamba ilithidi anaweza kuvisoma, na umwombe ruhusa ya kuvitumia. Karatasi hizo ni silaha kubwa kuliko pigo lolote lililomo katika takwimu zake, na kwa kuwa wachezaji wenyewe ndio walioziandika, hakuna atakayelalamika kwamba umemvamia mhusika wake.

Namna ya kusoma mawazo kwa haki

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi wa maandalizi.

Sheria ya kusoma mawazo ina mipaka mingi mizuri. Umbali ni futi 30. Mwanzoni ilithidi hupata mawazo ya juujuu tu, yaani lile ambalo mtu analifikiria wakati huohuo. Akitaka kuzama zaidi, mlengwa hurusha dadu ya kujinusuru kwa Hekima, yaani ya kujaribu kuikwepa athari hiyo, na hata akishindwa anajua kwamba kuna anayepekua kichwani mwake. Jiwe lenye unene wa futi 2 huzuia, na bamba jembamba la madini ya risasi huzuia pia. Anapojaribu kutambua viumbe waliojificha, hawezi kumgundua mwenye Akili ya 3 au chini yake, wala asiyejua lugha yoyote. Maana yake ni kwamba mbwa mwitu anayefuatana na mwindaji anaweza kunyemelea hadi mgongoni mwa ilithidi bila kugunduliwa kwa njia ya mawazo, na mchezaji atakayeligundua hilo anastahili kupata faida yake yote.

Mezani fanya hivi. Wachezaji wanapojadili mpango wao kwa sauti, jiulize maswali matatu: je, ilithidi yuko ndani ya futi 30, je, ameelekeza umakini wake katika kusoma, na je, anayesomwa anaujua mpango huo? Ikiwa majibu yote ni ndiyo, tumia uliyoyasikia bila huruma. Likiwapo hapana hata moja, yasahau. Usiyatumie mazungumzo ya mezani kama ujuzi wa bure, maana wachezaji wataanza kunong'ona na kukutumia ujumbe wa simu chini ya meza, na kuanzia hapo wanashindana na wewe badala ya ilithidi.

Halafu waonyeshe kwamba wanasomwa. Ishara iwe moja na isibadilike, kwa mfano ladha ya chumvi inayojaa mdomoni. Mara ya kwanza hawataelewa. Mara ya tatu mchezaji mmoja atainua kichwa na kusema, "Subirini, ninaionja tena," na kuanzia hapo watabuni kinga zao wenyewe: mmoja pekee ataujua mpango, mwingine atajaza kichwa chake kwa wimbo, wa tatu atasimama nyuma ya ukuta mnene. Zikubali kinga hizo zinapokuwa na mantiki, hata kama kitabu hakijazitaja.

Liko tatizo la kwamba wewe huna Akili ya 19. Suluhisho ninalolipendekeza ni kujiruhusu mara moja tu katika pambano zima kutangaza kwamba ilithidi alikuwa ameliona jambo hilo likija: mlango waliodhani uko wazi umezibwa, au taa waliyotaka kuivunja imekwisha kuondolewa. Mara moja inatosha kumfanya aonekane mwenye akili. Mara mbili inaanza kunuka uonevu, na kama wachezaji waliuficha mpango wao vizuri, usiitumie kabisa.

Sauti yake

Ilithidi huzungumza kwa mawazo hadi umbali wa futi 120. Mwendesha mchezo hana haja ya kubadilisha sauti wala kukoroma. Inatosha kuondoa adabu zote ambazo watu wetu wanazitarajia katika maongezi. Hasalimu, hajitambulishi, haulizi hali, na hujibu swali kabla halijaulizwa. Mtazame mchezaji mmoja tu na uzungumze polepole, kwa namna hii:

"Mmekuja kwa ajili ya mzee wa ramani. Yuko chumba cha pili, anapumua. Mwenzenu wa nyuma anahesabu mafuta ya taa yaliyobaki. Hayatoshi kurudi."

Kisha nyamaza, na umwache yule wa nyuma aeleze kama kweli alikuwa akihesabu mafuta. Pengine utampa karatasi ndogo mchezaji mwingine, yenye maneno ambayo yeye peke yake ameyasikia, ukitumia kile alichokuandikia kuhusu siri yake: "Ukiniachia mzee, sitawaambia kuhusu pete." Ataamua mwenyewe kama atawaonyesha wenzake. Usimlazimishe, wala usimtazame kwa macho ya kumsukuma.

Pambano lenyewe

Pigo la akili hutoka katika umbo la koni yenye urefu wa futi 60. Kila aliyemo hurusha dadu ya kujinusuru kwa Akili, na jumla yake lazima ifikie 15. Akishindwa hupoteza takribani pointi 22 na kupigwa na bumbuwazi kwa hadi dakika moja, akijaribu tena mwishoni mwa kila zamu yake. Fanya hesabu kabla ya kulitumia. Chukua kundi la ngazi ya 7 lenye mpiganaji mwenye nyongeza ya Akili ya -1, kasisi mwenye 0, mwizi mwenye +3 na mchawi mwenye +7. Wakinaswa wote katika koni, uwezekano wa watatu au wote wanne kushindwa ni kama mara 45 katika 100. Mpiganaji huyo akishashindwa, uwezekano wa kuendelea kuduwaa baada ya majaribio yake matatu ni zaidi ya 40 katika 100. Katika meza ambayo mzunguko mmoja huchukua dakika kumi, huyo ni mtu aliyetoka nyumbani kwake kuja kukaa nusu saa bila kutenda lolote.

Sikushauri uifute kanuni. Jenga chumba kinachoipa mipaka. Weka nguzo nene za mawe, kwa maana aliyejificha kabisa nyuma ya nguzo hafikiwi na koni. Weka ngazi, ukumbi wa juu, au mfereji unaowatenganisha wahusika wenyewe. Waonyeshe nguvu ya pigo hilo mapema, kwa kulielekeza kwa walinzi wa msafara ambao wahusika wanawatazama kwa mbali, ili wanapoingia chumbani wajue kwamba kukaa pamoja ni hatari. Na mchezaji ambaye mhusika wake ameduwaa mpe jambo la kufanya: mkabidhi mzee wa ramani amchezeshe katika zamu zake, ajaribu kukata kamba zake au kutambaa kuelekea mlangoni.

Watumwa wa akili ndio ngao ya ilithidi. Watatu au wanne wanatosha, wenye uhai mdogo, na wawe watu ambao wahusika wasingependa kuwaua: mchimba chumvi, mpishi wa msafara, binti wa mwenye nyumba ya wageni. Kazi yao si kushinda, ni kusimama njiani. Usimweke mla akili, yule kiumbe mwenye umbo la ubongo wenye miguu, katika kundi lisiloweza kurudisha Akili iliyopotea. Anaweza kuishusha Akili ya mhusika hadi 0, na dawa yake ya kawaida ni uchawi ambao kasisi huupata katika ngazi ya 9.

Minyiri inahitaji maelezo ya kina, kwa sababu ndiyo inayoua. Ikimpata mtu humkaba, na akishindwa kujinusuru kwa Akili huduwaa kwa muda wote atakaokabwa. Katika zamu inayofuata ilithidi anaweza kujaribu kuchomoa ubongo, jambo linaloondoa wastani wa pointi 55. Mchawi wa ngazi ya 7 mwenye Ustahimilivu wa 14 ana pointi kama 44. Akifika sifuri kwa njia hiyo amekufa, wala hakuna kurusha dadu ya kupigania uhai. Kwa hiyo, katika nafasi kati ya zamu hizo mbili, sema waziwazi kinachokuja: "Minyiri imefunika kichwa chake chote, na mnasikia mfupa ukikwaruzwa. Zamu yake ijayo atalifungua fuvu." Wachezaji wenye taarifa hiyo watatupa kila kitu kumwokoa mwenzao, na wana njia. Mpiganaji hodari akimsukuma ilithidi futi 5 tu, mkabo umekatika, na ilithidi ana nyongeza ya 1 tu ya kujizuia. Bila taarifa, kifo hicho kitaonekana kama hukumu ya mwendesha mchezo.

Kumtawala mhusika

Usimwondolee mchezaji mhusika wake. Mpe karatasi yenye amri na umwache aitekeleze kwa namna anayoona inafaa. Na amri isiwe "waue wenzako", kwa sababu ilithidi hana haja ya amri ya kijinga kiasi hicho. "Funga mlango wa chuma na utupe ufunguo mferejini" ni bora zaidi: inamfaa, haichukui uhai wa mtu, na mchezaji ataifurahia.

Kumbuka pia kwamba aliyetawaliwa hujaribu kujinusuru tena kila anapoumia, hivyo wenzake wanaweza kuamua kumpiga makusudi ili kumzindua, na mandhari hiyo ya mtu kumpiga rafiki yake kwa ajili ya kumwokoa ni miongoni mwa nzuri zaidi unazoweza kuzipata katika mchezo huu. Aliyekingwa kwa uchawi wa kujilinda dhidi ya uovu na wema hawezi kutawaliwa na ilithidi kabisa. Kasisi akiwa na busara ya kuutumia mapema, usitafute mwanya wa kuupita.

Aondoke lini

Andika kizingiti kabla ya mchezo kuanza, usikiamue katika joto la pambano. Kwa kundi la ngazi ya 7 ninaweka 45: uhai ukishuka hapo, katika zamu yake ijayo ilithidi hutumia tendo lake kuhamia ulimwengu mwingine. Kizingiti cha chini ya hapo ni kamari, kwa sababu tumeona mpiganaji mmoja anaweza kuondoa pointi 44 kabla zamu hiyo haijafika. Wakimmaliza kabla hajaondoka, amekufa, na usiongeze pointi za siri ili kumwokoa.

Akifaulu kutoroka, awaachie ushindi wa kweli. Mzee wa ramani abaki hai, watumwa waanze kuzinduka mmoja mmoja wakiuliza wako wapi, na vitu vyake vyote vibaki chumbani, pamoja na daftari la mzee kama tayari alikuwa amelipata. Atakaporudi baada ya vikao kadhaa, mfanye atumie yale tu aliyoyasoma vichwani mwao siku ile. Weka orodha ya mambo hayo katika ukurasa mmoja wa daftari lako, ukionyesha kila jambo lilitoka kwa mhusika gani na kama alijua kwamba anasomwa, ili mchezaji akiuliza "Amejuaje?" uweze kumwonyesha mstari wenyewe.